Maji Yanakupwa Saa Ngapi?

Kimbiji watu wanasalimiana kama kwingine kokote pwani: shikamoo, marahaba, hamjambo, za huko mtokako. Halafu linafuata swali ambalo mara ya kwanza lilinipita sikioni: "Maji vipi leo?" Nilidhani ni maneno ya kupitisha muda tu, kama sisi wa mjini tunavyoulizana habari za foleni ya Mbagala. Nilikuja kulielewa siku ya pili yake, nikiwa nimesimama kwenye mwamba na maji kiunoni, nimemshika mwanangu mkono.

Mimi si mtu wa pwani. Kwetu ni Dodoma, na Dar es Salaam nimekaa miaka 14. Nina karakana Keko, natengeneza vitanda, makabati na milango. Miaka yote hiyo bahari niliyoijua ni ile ya kwenye pantoni: unapanda Magogoni, unasimama dakika chache ukiangalia meli, unashuka Kigamboni. Siku za sikukuu labda ufukwe wa Coco, watoto wakanyage maji, mle mihogo ya kukaanga, mrudi. Jirani yangu Mtoni ni fundi cherehani, mwenyeji wa Kimbiji, na alikuwa akiniambia kila mwaka, "Mlete huyu mtoto kwetu akaone pwani." Mwanangu alipotimiza miaka 11 tukaenda.

Kimbiji iko kusini mwa jiji, ndani ya Manispaa ya Kigamboni, kwa hiyo kwa mipaka ya serikali bado uko Dar es Salaam. Tulivuka kwa Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa mwaka 2016 kutoka Kurasini, tukapita Kibada, tukapita Mwasonga. Maghorofa yakaisha, zikaja nyumba ambazo hazijaezekwa, kisha mikorosho, mihogo na minazi. Tulifika jua likiwa linazama. Mama wa jirani yangu alitupokea uani. Mwanangu alimwita Bibi, na mimi nikafuata.

Usiku ule nililala nikisikia mvumo wa mbali, mawimbi yakipigana na mwamba huko nje. Saa kumi alfajiri nikashtuka: mvumo ulikuwa karibu mno, nikadhani maji yako mlangoni. Nikatoka nje. Mwezi ulikuwa mpevu, umeanza kushuka magharibi, na bahari imepanda hadi kwenye mizizi ya minazi ambako jioni tulikuta mchanga mkavu na watoto wanacheza mpira. Asubuhi, tukinywa chai na mihogo ya kuchemsha, nilitazama tena pwani. Bahari imeondoka. Mahali pote pale palikuwa majani, madimbwi na mchanga unaong'aa, na wanawake wameinama mbali kabisa, wadogo kama ndege.

Nilimwambia Bibi tunataka kutembea hadi rasini, tuizunguke, tuone upande wa pili. Aliniuliza kama mtoto anajua kuogelea. Nikasema kidogo. Akasema, na maneno haya nayakumbuka yote kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi: "Leo maji yanakupwa saa nne. Nendeni sasa hivi, mzunguke na mrudi. Saa sita ikiwakuta upande wa pili, msirudi kwa chini. Piteni juu." Nikasema sawa Bibi. Sikumuuliza juu ni wapi.

Kilichonichelewesha ni kazi ya mikono, na hapo lazima nisimame kidogo. Chini ya mti wa mkungu palikuwa na mashua imelazwa ubavu juu ya magogo, na mzee mmoja amekaa kwenye kigoda anaipiga kalafati. Sijawahi kuiona kazi hiyo kwa karibu. Alichukua pamba, akaisokota juu ya paja kama utambi, akaichovya kwenye kopo la mafuta, akailaza kwenye ufa kati ya mbao mbili. Kisha akaisukuma ndani kwa patasi butu na nyundo ya mbao: mapigo mawili mepesi, moja zito, anasogea nusu inchi, mawili mepesi, moja zito. Ukisikiliza vizuri, sauti ya lile zito inabadilika pamba ikishashiba. Nikamuuliza kwa nini asiibane kabisa mbao kwa mbao, kama tufanyavyo sisi kwenye makabati. Akasema mbao zikinywa maji zitavimba zenyewe na kuibana pamba, na ukiziunga kwa nguvu zikiwa kavu zitasukumana mpaka misumari ing'oke. Mimi maisha yangu yote napigana na mbao zisivimbe. Yeye anauhesabu uvimbe huo kama fundi wa pili. Kando yake palikuwa na ngalawa ambayo haijakamilika, gogo moja la mwembe lililochongwa kwa shoka na tezo, na nilipopitisha kiganja ndani sikuona mahali unene unapobadilika ghafla. Hakuwa na tepu wala penseli.

Tulipoondoka pale ilikuwa saa nne na nusu imepita.

Kutembea juu ya mwamba uliokauka ni kitu ambacho siwezi kukueleza ukakimaliza. Rasi yenyewe ni jiwe la matumbawe ya kale, yaliyoota chini ya maji zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo. Ukiinama unaona maumbo yake yamebaki ndani ya jiwe, mengine kama asali kwenye masega, mengine kama ubongo wa mbuzi. Mawimbi yamelila jiwe hilo kwa chini, likabaki limening'inia juu ya kichwa chako kama ukingo wa paa. Chini yake ndipo unapopita maji yakiwa yamekupwa. Mwanangu alikuta pweza kwenye shimo, yaani alikuta jicho lake tu, na mama mmoja aliyekuwa akichokoa pweza akamwonyesha jinsi ya kulijua shimo lenye mwenyewe: mlangoni pana maganda ya kaa na kome aliyoyatupa akishakula. Tukavuka rasi. Upande wa pili kulikuwa na ufukwe mweupe, hakuna mtu, maji ya kijani. Tukaoga, tukala vitumbua, mtoto akalala kivulini. Mimi nikakaa. Siku nyingi sikuwahi kukaa hivyo, bila simu ya mteja, na nakiri kwamba utulivu ule ulinishika. Nilipoangalia saa ilikuwa saba na nusu.

Njia tuliyokuja nayo haikuwepo.

Sikuamini haraka. Nikasema maji ni ya magotini, tutapita. Tukaingia. Hatua 30 hivi yakawa ya kiunoni kwangu, kifuani kwa mtoto, na kila wimbi lilipoingia chini ya lile paa la jiwe lilikosa pa kwenda, likarudi na kutusukuma nje. Nilishika jiwe, likanikata kiganja. Matumbawe ya kale yamechongoka kama chupa iliyovunjwa. Kandambili moja ya mtoto ikaondoka. Akajikata unyayo, na nikaona damu ikitandaa majini. Hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, tunarudi?" na sikuwa na jibu kwa sababu sikujua turudi wapi.

Sauti ikaja kutoka juu ya vichwa vyetu. "Rudini nyuma! Rudini kwenye mkadi!" Kijana alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa jabali, ananyoosha mkono kutuonyesha. Tukarudi kwa kushikana, na pale ambapo mkadi mmoja umeota ukiinamia bahari kulikuwa na ufa kwenye jiwe, upana wa mabega ya mtu, na ndani yake ngazi zilizotengenezwa na miguu ya watu kwa miaka. Tulikuwa tumeupita asubuhi bila kuuona. Tukapanda. Juu kulikuwa na njia nyembamba kati ya vichaka, ikapita shamba la mihogo na makaburi ya zamani, ikatufikisha kijijini kwa nusu saa.

Bibi ndiye aliyemtuma yule kijana. Hakunigombeza. Alimkalisha mtoto kwenye mkeka, akaosha unyayo wake kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, akatoa vipande vya jiwe kwa ncha ya sindano, mimi nikishika taa. Ndipo akasema, bila kuniangalia, "Niliwahesabu mlipoondoka. Mlikuwa wawili. Saa saba niliona wawili bado."

Nilimwomba anifundishe maji. Akacheka kidogo, akamwita mzee wa kalafati, na jioni ile wakanifundisha wote wawili kwa kuchora mchangani. Nayaandika hapa kama nilivyoyapata, maana laiti ningekuwa nayo asubuhi ile nisingemwingiza mtoto kwenye hatari.

Bahari inajaa mara mbili na kukupwa mara mbili katika usiku na mchana mmoja. Kutoka kukupwa hadi kujaa ni kama saa sita na dakika chache, kwa hiyo kila siku saa zake zinasogea mbele karibu dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, hayo ni maji ya bamvu: yanajaa sana na yanakupwa sana, na kwa pwani yetu yanakupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku, yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri. Hiyo ndiyo nanga ya hesabu. Ukijua mwezi una siku ngapi, unasogeza dakika 50 kwa kila siku, unapata saa yako. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, na saa zimegeuka, asubuhi kwenye saa nne sasa maji ndiyo yamejaa. Wakati wa bamvu tofauti ya juu na chini inapita mita tatu. Fikiria ukuta wa nyumba, kutoka sakafuni mpaka kwenye dari.

Na lililokuwa nusura lituue ni hili. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kukupwa yanapanda kidogo mno, mtu anayatazama anasema bado. Ya pili yanaongeza. Ya tatu na ya nne yanakuja mbio. Karibu nusu ya ujazo wote unaingia katika saa hizo mbili. Kisha yanapunguza tena. Sisi tuliingia majini saa saba na nusu, ndani kabisa ya mbio hizo. Saa sita ya Bibi haikuwa tahadhari ya mzee anayeogopa. Ilikuwa hesabu.

Mzee akaongeza la miguu. Kwenye maji ya mchanga mtu hanyanyui miguu, anaiburuta, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba, akiwa amejifukia asikie na kuondoka. Ukimkanyaga, mwiba wake unaingia. Ukichomwa, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha nenda zahanati. Na juu ya mwamba vaa viatu vinavyofunga. Kandambili acha nyumbani.

Tangu siku ile tumerudi Kimbiji mara nne. Mwezi wa sita kusi linavuma, bahari ya nje ni chafu na ngalawa nyingi ziko mchangani, mwani umelundikana ufukweni mpaka magotini. Wengi wangesema si wakati wa kutembelea pwani. Mimi ndio naupenda, kwa sababu wavuvi wapo na wana nafasi ya kuzungumza. Mzee ndiye aliyenieleza habari za uvuvi wa baruti: jinsi miaka ya nyuma mlipuko mmoja ulivyoua samaki wote wa eneo, wakubwa na vifaranga, wengi wakizama bila kuokotwa, na kuacha matumbawe yamekuwa kifusi. Kifusi kinabingirika na kila wimbi, hakuna kinachoota juu yake. Alisema mwamba wa matumbawe unaota polepole kuliko mtoto, na alipolisema hilo alimwangalia mwanangu. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto, matumbawe mengi yalipauka na kufa bila hata baruti. Sasa mimi nikipita mwambani naangalia ninapoweka mguu kwa sababu hiyo pia.

Safari moja kati ya hizo tulionyeshwa kiota cha kasa. Kijijini kuna watu wanaozunguka fukwe alfajiri kutafuta nyayo zake, alama kama tairi la trekta kutoka majini hadi juu ya mstari wa mwani. Anafukia mayai zaidi ya 100, anaondoka, na baada ya kama miezi miwili yanaanguliwa. Wanaweka vijiti, wanahesabu siku. Walituruhusu tusimame mbali, tochi zimezimwa, kwa kuwa vifaranga hufuata mwanga na taa ya mtu inaweza kuwapeleka nchi kavu badala ya baharini. Mwanangu hajawahi kukaa kimya muda mrefu hivyo.

Kuna jambo linalonisumbua na sitalificha. Safari ya tatu nilikuta nguzo za zege zimesimikwa juu ya rasi, kiwanja cha mtu. Mstari wa nguzo ulikuwa unakuja ukielekea kwenye mkadi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi na shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na nilipopima kwa tepu yangu, nguzo tatu zilikuwa ndani ya hizo 60. Sina ugomvi na mtu kununua ardhi. Daraja limefika, barabara inakuja, watu watakuja. Lakini ule ufa kwenye jiwe ndio mlango wa kila mama anayechokoa pweza upande wa pili maji yakimzidi. Ukiuzungushia uzio kwa juu, umemfungia mtu baharini. Nilikwenda na jirani yangu kwa mwenyekiti wa mtaa, tukampa vipimo kwenye karatasi. Alipokea, akasema atalipeleka mbele. Safari ya nne nguzo zilikuwa bado zipo, uzio ulikuwa haujafungwa, na njia ilikuwa inapitika. Nitakwenda kuangalia tena.

Safari hiyo ya nne mwezi ulikuwa umeandama siku hiyo hiyo. Bamvu, kwa hiyo maji yangekupwa saa nne usiku, na hiyo nilijihesabia mwenyewe nikiwa Keko, kabla ya kufunga karakana. Baada ya isha watu wakaanza kushuka pwani, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na taa yake, ndoo na chuma cha kuchokolea. Giza lilikuwa zito. Ukikaa chini ya mkungu huwaoni watu, unaona taa tu, zinatembea juu ya mwamba, zinainama, zinasimama, nyingine zinazunguka rasi na kupotea.

Bibi alitandika mkeka akakaa nasi. Alikuwa na tasbihi mkononi, na nilidhani anavuta uradi. Kumbe alikuwa anahesabu. "Tisa," alimwambia mwanangu. "Zimeshuka tisa. Nisaidie."

Saa tano kasoro zikaanza kurudi. Mtoto akizihesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu. Watu wakapita mbele yetu na ndoo zao, salamu, usiku mwema Bibi, usiku mwema mama. Nne, tano, sita. Mbili zikaja pamoja. Nane. Saa tano ikapita. Nikasikia mvumo wa mwambani umebadilika sauti, na Bibi naye alikuwa ameusikia, kwa maana aliacha kuzungumza. Mwanangu alisimama akaenda hadi mwisho wa mchanga. Yule kijana aliyetuita siku ile alikuwa ameshakaa anafunga viatu.

Taa ya tisa ikajitokeza kule juu, kwenye makaburi, ikishuka taratibu kwa njia ya mihogo.

"Tisa," alisema mwanangu.

Bibi akakunja mkeka.